Ndege wa Usiku

"Haloo, nyinyi ndio watu wa wanyama?
Njooni mumchukue ndege wenu."
Wangu tangu lini, mama?
Ila nauliza: wapi? Ndege gani?
Kimya. Kisha sauti inashuka, kama ya mtu anayekiri deni:
"Yule... wa usiku."

Kutoka Utange hadi Majengo, foleni ya daraja la Nyali,
sanduku la matundu begani,
nafika watu wamejaa kama kwenye fumanizi,
simu zote juu.
Bundi yu kwenye paipu la tangi, jicho moja limefumba,
mguuni kamba ya kiatu.
Nani kampiga? Hatujui.
Mawe tele chini yake, yote hayana mwenyewe.

Mzee Shebwana, muuza mkaa, ananifunza kazi:
"Mshike kwa mkono wa kushoto,
na usimpitishe mlangoni kwangu, nina mgonjwa."
Huyu anakula panya, mzee, wale wanaokumalizia mchele.
"Panya nina sumu yake."
Namwonyesha damu nyembamba puani mwa ndege:
hiyo ndiyo sumu yako, imekwenda imerudi.
Anatema mate pembeni.
"Sasa mimi ndiye niliyemlisha?"

Wiki hiyo hiyo, Mikindani, komba kwenye ndoo ya rangi.
"Tumempa soda na chapati, hataki. Mkali huyu!"
Mama yake?
"Alikimbia."
Hakukimbia. Yuko juu ya mnazi, analia,
nanyi mnafunga madirisha mkisema jini kafiwa.
"Haya, mnamnunua pesa ngapi?"
Hatununui.
Ndoo ikafunikwa, ikaondoka na pikipiki.
Nambari yao haipatikani hadi leo.

Shemeji yangu Nyamvula huniuliza kila Idi,
sahani ya biriani mapajani:
"Watu wanalala njaa, wewe walisha tumbili?"
Zamani nilikuwa najibu, hadi chai inapoa.
Siku hizi namwuliza tu: nyama mbichi imebaki?

Alfajiri simu inalia mara moja, inakatika.
Mara ya pili. Ya tatu.
Mtu hana salio.
Napiga mimi, ulimi umeshashika moto,
nimeweka akiba ya maneno ya mwaka mzima.
Sauti ya mtoto:
"Ile kamba ni yangu. Ya kiatu cha shule."
Ni wewe uliyemfunga?
"Nilimfunga asianguke."
Pumzi. Mtu mzima anakohoa nyuma yake.
"Anakula?"

Sandukuni, jicho moja linanitazama
kana kwamba nalo linasubiri jibu.
Ngoja, namwambia, usikate,
salio ni langu.