Deni la Mishkaki

Mnyororo ulikuwa mguu wa kushoto, kijana.
Nakwambia kutoka safu ya tatu, ukumbi wa Tononoka,
feni moja inazunguka, nyingine imekata tamaa,
na wewe unayeniigiza umefungwa kulia
kwa mnyororo wa baiskeli.
Si kitu. Endelea.

Huyo anayekuwa Chengo amenona mno.
Chengo mwenyewe, kufika mwezi wa nne,
mbavu zake ungezihesabu kwa kidole gizani,
na gizani ndiko tulikokaa,
mpishi wa meli na fundi wa injini,
Msellem wa Kuze, Chengo wa Rabai,
tusiopeana hata salamu kabla ya bunduki.

Mmeandika kwamba tuliomba dua. Tuliomba, ndiyo.
Andikeni pia kwamba tulikuwa tukitoka.
Kila magharibi, kufuli zikishakaguliwa,
tulivaa viatu tulivyokwisha nyang'anywa
tukashika njia ya Makadara, tukakata Kibokoni,
yeye akinung'unika kwamba nakwenda mbio.
"Ngoja, pana dimbwi hapo."
Nami nikaliruka dimbwi, nimelala chali.

Tuliketi kwa Bi Rukiya wa viazi karai,
ukwaju ukatuchoma midomo iliyopasuka.
Siku moja Chengo akaagiza mishkaki minne,
akala, akajipapasa mfukoni: hana kitu.
Nikamlipia. Shilingi themanini.
Kesho yake tukazigombania hizo themanini
kwa sauti, hadi mlinzi akaingia
akapekua mikeka yote miwili
kuzitafuta.

Usiku homa ilipomlaza,
akaacha kujibu, akaacha hata kutetemeka,
sikuwa na dawa wala maji ya kumnywesha.
Nikamwinamia sikioni:
"We! Themanini zangu."
Kimya.
Halafu, kama bawaba yenye kutu:
"Nitakulipa Ijumaa."

Hapo usilie, kijana. Mimi sikulia.
Nilihesabu siku hadi Ijumaa,
na ilipofika nikamwongezea nyingine.

Wanasema dawa ya deni ni kulipa.
Labda huku nje.
Chengo yuko, anauza vipuri Changamwe,
kila Idi huja kwangu na noti ya mia,
huitandaza mezani, adai chenji yake.
Humwambia sina chenji.
Hukunja noti yake, tukala.

Haya, zimeni taa tena.
Mguu wa kushoto.