Ardhi Isiyochimbika

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
Jumapili ya tatu hapa Saskatoon
wakanipa joho la kwaya.
Waliitazama rangi yangu, wakasikia ngoma.
Nikasimama safu ya mbele, nikafungua kinywa,
na mpiga kinanda, maskini Bi. Loewen,
akaacha kupiga, akageuka kutazama mlango
akidhani ni king'ora cha moto.

Sina sauti. Nilishawaambia.
Bibi aliyenilea Masasi alikuwa akisema,
"Perpetua, Mungu hukusikia hata ukinyamaza.
Basi nyamaza."

Nikalirudisha joho, limekunjwa vizuri.
Nikahamia benchi la nyuma, karibu na bomba la joto,
na juma lile lile likasomwa neno la talanta:
huyu tano, huyu mbili, yule moja.
Nilimwonea huruma yule wa moja.
Mimi hata hiyo moja sikuiona,
nikawa najipapasa
kama abiria aliyepoteza tikiti, na mkaguzi yuaja.

Zamani nilikuwa karani wa ghala la korosho.
Wakulima walipanga foleni tangu alfajiri,
nami daftari silifungui:
"Mchopa, kilo arobaini na mbili;
mwaka jana thelathini na tisa.
Na mtoto, ameacha kuharisha?"
Hiyo niliiita kazi.
Nani huita karama kitu kisichomtoa jasho?

Jumatano kanisa hugawa supu, kule chini, ghorofa ya ardhini.
Nikaomba upawa; upawa hauhitaji sauti.
Baridi ikifika thelathini chini ya sifuri
binadamu huwa koti lenye macho,
na makoti yalipita, moja, jingine, jingine,
hadi likaja la kahawia, limeng'oka kifungo cha pili.
Nikasema, "Karibu, Walter. Kikohozi kimepungua?"

Koti likasimama.
Alikuwa amepita mara moja tu, mwezi wa kumi,
akalitaja jina lake katikati ya kukohoa.
"Tangu Olga afe," akasema,
"jina langu naliona kwenye bili ya umeme."
Akanywa supu. Akarudi foleni.
Bakuli lake lilikuwa bado limejaa nusu.

Basi nikaanza kuuliza, na nilichouliza hakikupotea:
Darlene, anayemtafuta dada yake;
Jovelyn wa zamu ya usiku, na wanawe watatu Iloilo;
mvulana asiyetaka kuitwa kwa jina la baba yake,
akachagua jingine, nikalishika hilo.

Walter alifariki Januari.
Mwezi huo ardhi ya hapa ni chuma.
Wachimbaji waliwasha makaa juu ya kaburi
siku mbili mchana na usiku
ndipo udongo ukakubali.
Tulikuwa watu sita. Miwani ya Mchungaji Friesen iliganda ukungu,
karatasi ikamshinda, akakwama kwenye jina.
Nikalisema mimi, kwa sauti yangu hii hii ya king'ora:
Walter Kowalchuk, mwana wa Anna, mume wa Olga,
fundi wa reli,
asiyependa karoti zilizoiva sana.
Hakuna aliyegeuka kutazama mlango.

Nikalitazama lile shimo na gharama yake,
nikamkumbuka yule mtumwa, na Mungu anisamehe,
nikacheka ndani ya skafu.
Angekuwa wa huku, Bwana angemkuta
talanta bado i mkononi,
vidole vimeganda juu yake,
jembe limevunjika mpini.
Labda ndiyo sababu nililetwa mbali hivi.
Sijui. Friesen naye alisema hajui.

Leo ni Jumatano. Mlango unafunguka,
mvuke unatangulia,
nyuma yake koti la kijani nisilolijua.
Naweka upawa chini.
"Jina lako nani?"
Na anapojibu, kwa aibu, ndani ya kola,
namwomba aliseme tena, taratibu,
herufi kwa herufi.