Kiti cha Kulia

Wiki tatu cheti kimelala katika mtoto wa meza,
nami kila asubuhi nachungulia dirishani
nikiomba upepo uvume.
Upepo ukivuma, nina sababu.

Leo Brandon haina hata wingu.
Sababu zimeniishia.

Naizunguka ndege ndogo, nagusa bawa,
napima mafuta kwa kijiti, napima tena.
Umande wa Oktoba unaniuma vidole.
Kiti cha kulia ni kitupu;
mkanda wake nimeufunga, umekumbatia hewa.
Hapo alikaa Bi Halldora miezi kumi na minne,
mikono mapajani, akitafuna tangawizi,
akisema neno moja tu:
"Mwendo."

Juu ya mashamba yaliyokwisha vunwa
namsikia mtu akisema, "Mwendo, mwendo."
Ni mimi.

Wakati wa kurudi, upepo wa ubavuni umeamka
bila kunitumia salamu.
Gurudumu linagonga lami, ndege inadunda,
inadunda tena, pua inatafuta nyasi.
Zamani ningemgeukia.
Mkono unasukuma injini hadi mwisho wa nguvu zake
kabla sijauuliza,
na ardhi inaniachia.

Nauzunguka uwanja. Sina haraka.
Kutua ni kutua mzigo pia,
na huu wangu siutupi, nautua.

Gurudumu la kushoto linagusa,
la kulia linafuata taratibu
kama mgeni anayevua viatu mlangoni.

Daftarini naandika: dakika arobaini na mbili.
Kutua: mara moja.
Nafikiri kidogo.
Naongeza: na nusu.