Jiwe Lililokwenda Upande

Mwezi wa tatu ziwa hunywea,
likaacha matope yenye nyufa kama visigino vya mama yangu,
na ngazi za mawe hujitokeza moja moja:
kumi na saba; mwaka wa ukame, ishirini na mbili.
Hapo ndipo jiwe lile huonekana.

Mimi Dingiriamma, mjane wa mlinzi wa lango la maji,
nilirithi ufunguo, gurudumu la chuma
na baridi yabisi iliyomo ndani ya gurudumu.
Nikilizungusha mara tisa maji hutoka yakinguruma,
yakagawanyika: kijiji cha juu, kijiji cha chini,
na wale wavivu wa kati.
Mpunga unasimama. Nyati wanaoga.
Haya yote ni yake. Sikatai.
Kabla yake hapa palikuwa miba na kiu.

Lakini.

Husemwa huku kwetu (sikusoma, niliambiwa)
kwamba alihesabu vikapu vya udongo, hakuhesabu wabebaji.
Kwamba aliyeketi kabla ya ngoma ya jioni
alishindiliwa tutani pamoja na kikapu chake.
Kwamba mwashi mmoja aliweka jiwe upande,
upana wa punje tatu za mchele,
na mfalme akashuka juu ya tembo, akapima kwa uzi,
akaamuru mikono ikatwe pale pale, juu ya jiwe,
ili chokaa ishike.

Kwenye nguzo ya hekalu ameandikwa Mwingi wa Huruma.
Herufi zimechongwa vizuri mno.
Aliyezichonga alikuwa na sababu ya kutotetemeka.

Juzi alikuja Injinia Abeykoon kutoka Kolombo,
na darubini ya miguu mitatu, na kijana wa kumshikia mwavuli.
Akapima mfereji, akapiga mluzi:
mteremko wa kidole kimoja kwa kila maili!
"Mama, mtu huyu alikuwa na akili!"
Nikamwuliza, akili hiyo ilikuwa na mikono mingapi?
Akacheka. Alidhani ni kitendawili.

Kisha akaliona jiwe. Linavuja,
limevuja tangu siku ile, uzi mwembamba wa maji.
Akaandika daftarini: saruji, mifuko miwili.

Sikumwambia kila kitu.
Sikumwambia kwamba uzi ule hauna zamu,
haupiti kwenye gurudumu langu,
haujui nani amelipa kodi ya mfereji.
Chini yake pana kibustani cha mboga na mizizi ya yungiyungi,
wanakilima wasio na shamba:
Heenmenike aliyeachwa, Podisingho mwenye kifafa,
na usiku, nungunungu.
Tunakiita Bustani ya Asiye na Mikono.
Hatutambiki. Tunachuma tu.

Mla ni mla leo; mla jana kala nini?
Mimi nala leo, nashiba,
na kila tonge lina mchanga
hata nikiuosha mchele mara tatu.

Saruji ilifika Jumanne.
Mvua ya kwanza ya Aprili iliikuta nje;
watu wanasema nilisahau kuifunika.
Kulipokucha mifuko ilikuwa mawe mawili.
Nimeyaweka mlangoni, huyakalia nikipepeta.
Yamekaa sawasawa kabisa.
Hayavuji hata tone.