Karatasi za Lionja

Karatasi ni za mifuko ya saruji.
Nimezifumua mshono, nikazigeuza tumbo nje,
nikazibana kwenye fremu ya mianzi
pale mihogo inapoishia na kichuguu kinapoanzia.
Msumari katikati, kamba ya inchi kumi na tano,
kipande cha mkaa: duara.
Hatua arobaini alizipiga Likwati, mwenye miguu mirefu.
Bwana Nyamapori akazirudia kwa futi kamba,
akasema zimezidi mbili.

Mimi kazi yangu kuhesabu.
Msimu wa korosho nahesabu magunia ya chama,
na sijawahi kudaiwa gunia.
Leo nahesabu matundu.

Bunduki tatu zimelala juu ya mkeka.
Kumi na mbili, ya marehemu baba.
Kumi na sita, ya Likwati, ilitoka misheni
ikiwa na kutu kama ndui.
Ishirini, ya ofisi, nyembamba,
ungedhani ya kuchapia watoto.

Mpyagila akauliza: mbona ishirini ndiyo ndogo?
"Chukua ratili moja ya risasi," akajibiwa,
"ifinyange vidonge kumi na viwili vilivyo sawa.
Upana wa kidonge ndio upana wa mtutu.
Sasa ifinyange ishirini.
Ugali ni uleule, kijana,
wageni ndio wameongezeka."

Tukaziba masikio.
Ya ishirini ilibweka, ya kumi na sita ikakohoa,
ya baba ikasukuma bega la Likwati
hadi kofia ikamgeukia kisogoni.
Kwenye mikorosho ngedere wakanyamaza,
kisha wakaanza kututukana upya.

Nikapiga magoti na kalamu nyekundu.
Kila tundu alama moja, nisilihesabu mara mbili.
Ishirini: matundu sabini, yamekusanyika katikati
kama kuku kwenye pumba.
Kumi na sita: tisini na moja,
yametawanyika kwa adabu,
popote uwekapo kiganja unagusa matano, sita.
Likwati akaipangusa kutu yake kwa shati.

Kumi na mbili: tisini na sita.
Nyingi kuliko zote, akashangilia Mpyagila.
Lakini kushoto, chini kidogo ya msumari,
karatasi ilikuwa nzima.
Niliweka kiganja, kikaenea.
Niliweka vyote viwili.

"Rudia," nikasema.
Karatasi ya pili, pengo palepale.
Ya tatu, palepale.
Bwana Nyamapori akachungulia mtutu mdomoni,
akapitisha kidole, akakisimamisha:
bonde dogo, labda ilianguka juu ya jiwe zamani,
kabla yetu sote.
"Marisaa yanatoka," akasema, "ila hapa yanamkwepa mtu."

Au nguruwe.

Usiku ule nilikuwa nimeshika tochi mimi.
Nguruwe alisimama ubavu, hatua thelathini na kitu,
mhogo mdomoni na majani yake.
Baba akafyatua. Majani yalichanika kulia, yalichanika kushoto,
nguruwe akaondoka zake hata hakukimbia sana.
Kufika Ijumaa, Lionja nzima ilikuwa imemkata macho.
Mzee Nangomwa haoni tena, walisema kwenye kahawa,
wakampunguzia zamu ya ulinzi kwa heshima,
heshima ile inayouma.
Mara moja tu alisema, "Nilimlenga."
Mama akamwambia, "Kunywa uji."
Bunduki ikapanda kwenye boriti,
haikushuka mpaka leo.

Bwana Nyamapori ameandika kwenye daftari lake:
kumi na mbili, isitumike mpaka ipite kwa fundi.
Kumi na sita, ilinde mashamba ya upande wa mto.
Ni sawa. Ngedere hawasubiri historia.

Ile karatasi ya kwanza niliikunja mara nne, nikampelekea mama.
Aliifungua mlangoni, jua nyuma yake,
na nukta za mwanga zikamjaa kangani,
kifuani, begani, mkononi,
isipokuwa mahali pamoja.
Nikamweleza pengo. Nikamwonyesha kwa viganja.

Aliitazama mpaka sufuria ikafurika jikoni
na hakugeuka.
Kisha akauliza
kama Bwana Nyamapori ataihitaji tena.