Wakuu Wawili wa Stesheni

Tangu Jumamosi vistari vya mtandao vimejaa na hakuna kitu.
Simu inasema umeunganishwa,
nami nipo kama mgeni aliyepewa kiti
akasahauliwa chai.

Nyumba yangu ya Isevya ina modemu moja na ruta tatu.
Ya kwanza ililetwa na kampuni pamoja na modemu.
Ya pili aliinunua Nzala, mpangaji wa uani, muuguzi wa zamu za usiku,
maana ukuta wa tofali za kuchoma
unameza mawimbi kama mchanga wa Oktoba unavyomeza maji.
Ya tatu ni zawadi ya mpwa wangu Msabila,
ina pembe nne, kama mdudu aliyelala chali.

Nimepiga simu kampuni.
Binti wa huko ana sauti ya asali mbichi:
"Zima, mzee wangu, subiri, kisha washa."
Nimezima. Nimesubiri. Nimewasha.
Mara saba, mpaka mke wangu Kalunde
akauliza kama ni tawafu.

Basi leo nimevaa miwani.
Mimi si mtu wa kompyuta. Mimi ni mtu wa reli,
miaka thelathini na moja kwenye chumba cha ishara
hapa Tabora, njia inapochanika,
huku Kigoma, huku Mwanza,
na mabehewa ya Mpanda yakingoja zamu kama watoto wa mwisho.
Reli ilinifunza jambo moja kuhusu kitu kisichofika:
usimuulize abiria. Ifuate njia kwa miguu.

Nikang'oa kila kitu.
Kalunde akaziona nyaya sakafuni, akashika kichwa.
Nikabaki na modemu peke yake,
waya mmoja, kompyuta ya mjukuu.
Ikapita.
Nikarudisha ruta ya kwanza. Ikapita.
Nikarudisha ya Nzala.

Kimya.

Nikazigeuza zote mbili, nikasoma migongo kwa kurunzi:
moja tisa mbili, moja sita nane, moja, moja.
Na hii: moja tisa mbili, moja sita nane, moja, moja.
Namba ileile, cheo kilekile,
kila moja inakata tiketi,
kila moja inamkalisha mgeni wake
kwenye kiti chenye mtu.

Nikaketi chini, palepale kwenye nyaya.

Kuna usiku sijawahi kumwambia Kalunde.
Mvua ya Machi, simu ya waya inakoroma,
mwenzangu zamu imemwisha na hajaondoka,
mimi yangu haijaanza na nimeshaingia,
na kwa dakika nne meza ile ilikuwa na wakuu wawili.
Yeye akaruhusu mizigo kutoka magharibi.
Mimi nikaruhusu abiria.
Njia moja.
Dereva wa mizigo aliona taa gizani, akashika breki.
Ziliachana hatua arobaini. Nilizihesabu mwenyewe.
Asubuhi tukaandika kitabuni: ng'ombe relini.

Kwa hiyo sikuhitaji kufundishwa sana.
Msabila, kwenye simu, alinionyesha tu pa kubonyeza.
Ruta ya Nzala nikaivua kazi ya kugawa anwani,
nikaipa namba yake yenyewe, mwisho mbili,
nikauhamisha waya kutoka tundu la buluu kwenda la njano.
Ya pembe nne vivyo hivyo, mwisho tatu.
Sasa ni njia za pembeni. Zinapitisha tu.
Nimezibandika plasta ya hospitali
nikaandika kwa kalamu ya wino:
MKUU. PEMBENI. PEMBENI.

Saa kumi na moja Nzala akapaza sauti kutoka uani, "Umerudi!"
kana kwamba mtandao ulikwenda sokoni.
Hakuna aliyeuliza ulikuwa wapi.
Kalunde ameshapata mahubiri yake, sauti juu.
Nimebaki nimesimama mbele ya taa ya kijani,
dakika nne kamili,
nikihakikisha ni moja.