Kumbukumbu za Kikao

Kazi yangu ni kuandika nani alisema nini,
si kwa sauti gani.
Kwa hiyo sikuandika kwamba viti vilikuwa vya chuma na baridi,
wala kwamba theluji iliyeyuka chini ya mabuti
ikachora vijito vyembamba kuelekea jukwaani.

Ajenda ya nne: katikati ya mji wa Alder Mills,
kutoka stesheni ya zamani hadi kanisa la Mtakatifu Ana,
pabadilishwe matumizi.
Majengo yaruhusiwe kufika ghorofa nne,
na katika kila nyumba kumi, tatu ziwe za kodi nafuu.
Maana ya "nafuu" iliulizwa mara sita.
Nafuu kwa nani?
Niliandika: swali limejibiwa.
Halikujibiwa.

Bi Prudence Winslow alisema kivuli.
Alikuja na ramani, ameipaka penseli ya kijivu:
saa tisa alasiri, mwezi Desemba,
kivuli cha ghorofa ya nne kitapanda ngazi za maktaba,
kitaingia chumba cha watoto,
kitaketi kwenye zulia.
Alisema hana chuki na mtu.
Hilo nimeliandika mara mbili
maana alilisema mara mbili.

Thibodeau mwenye duka la misumari alisema maegesho.
Baada yake watu kumi na mmoja walisema maegesho.
Ungedhani mji huu ulianza na magari,
watu wakazaliwa baadaye
kwenye viti vya nyuma.

Kisha Renny Cote, dereva wa basi la shule:
"Mwaka wa tisa huu. Nawajua watoto wenu kwa majina,
najua yupi hutapika kwenye kona ya kinu.
Nalala sebuleni kwa dada yangu, mji wa tatu kutoka hapa,
naamka saa tisa usiku kukwangua barafu kiooni,
na siku nikichelewa—"
Kengele ililia. Dakika tatu.
Mwenye kubonyeza kengele ni mimi.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi.
Hapa Maine miti ipo hadi inachosha macho,
na wajenzi nao wapo, safu ya mwisho,
kofia magotini, vumbi la mbao kwenye nyusi.
Magogo hupita barabara kuu kila asubuhi
yakienda kuwa paa za watu wengine.

Léonie Ouellette hakuomba kusema.
Alipitisha picha tu, mkono kwa mkono,
kona moja imeliwa na maji:
barabara ileile kabla ya moto,
ghorofa nne juu ya benki,
shuka na soksi zimeanikwa dirisha hadi dirisha.
Ilipomfikia Bi Winslow, alivaa miwani.
Aliiangalia muda mrefu kuliko dakika tatu,
nami sikugusa kengele.
"Kivuli kilikuwepo," alisema.
"Tulikuwa tunachezea humo," alijibu Léonie,
na picha ikaendelea na safari.

Sitaki mdhani mioyo ililainika.
Mtu alikohoa. Mtu aliuliza habari za maji taka.
Hoja ya kuahirisha hadi Juni:
waliokubali mia na kumi na mbili,
waliokataa mia na tisa.
Bi Winslow alinyoosha mkono, akaushusha,
akaunyoosha tena; nilihesabu mkono,
upande gani siruhusiwi kusema.

Nilikunja viti. Nikafuta vijito.
Ufunguo wa ukumbi ninao mimi,
kwenye pete moja na wa karavani yangu,
mwendo wa dakika hamsini kaskazini
barabara ikiwa safi.
Haikuwa safi.

Kikao kilifungwa saa nne na dakika kumi usiku.
Waliohudhuria: mia mbili ishirini na mmoja.
Mwandishi hakuhesabiwa.